Maji ya Sekela Niliyoyasafisha

Jumanne, mwishoni mwa mwezi wa tisa, 2013. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Jua limekuwa jekundu kama jicho la mlevi, na nguo nilizoanika ni za kufua tena.

Nimekaa mlangoni hapa Chapwa, Tunduma, simu mkononi na ndoo ya maji miguuni. Ndoo nitaifikia.

Nimeharibu kitu cha mjukuu wangu, na hakitengenezeki.

Nimeshasema. Tangu Ijumaa nimekuwa nikilizunguka jambo hili kama kuku anayezunguka nyoka. Jirani nilimwambia hivi, Jumapili kanisani nikawaambia akina mama vile, na kote huko nilijiweka upande mzuri. Humu sitajiweka. Nina miaka sitini na nane, nikianza leo kuidanganya simu nitakuwa nimechelewa.

Wale wanne watano mnaonisoma siku zote mnamjua Sekela. Kama wewe umekuja leo, Sekela ni mtoto wa marehemu mwanangu wa kwanza. Nimemlea tangu akiwa na miaka mitatu, na sasa yuko chuo kikuu Dar es Salaam anasomea viumbe vya baharini. Ukurasa huu aliufungua yeye mwaka jana. Alichoka na simu zangu ndefu, akasema Bibi hayo yote andika, nitakuwa nasoma nikipata nafasi. Nami naandika kwa kidole kimoja. Niliishia darasa la nne, la enzi zile ambazo mwalimu alikuchapa mpaka herufi ziingie, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kuandika. Makosa yangu mengine yapo hapa chini, yanatosha.

Alhamisi alishuka kwenye basi amepakata chupa.

Begi lake lilisafiri kwenye buti, chupa ilisafiri mapajani. Ameifunga kwa kanga kama kitoto kichanga. Nikamwambia wenzako wakifunga chuo wanaleta wachumba, wewe unaniletea chupa. Akacheka, akaiweka mezani, akaifungua ile kanga. Chupa ya kioo, kubwa kama zile za asali, mfuniko mwekundu, na ndani yake maji kama yale unayooshea mchele.

Nikamuuliza kuna nini humo. Akasema wanyama. Nikavaa miwani, nikainama, sikuona mnyama. Niliona vumbi linaelea na vipande vya utando, kama kamasi za mtoto mwenye mafua. Nikamwambia hivyo hivyo nilivyoona. Alifurahi yule mtoto kana kwamba nimemjibia mtihani. Akasema ndizo hizo, Bibi, hizo kamasi ndizo nyumba zao.

Ngoja nieleze alivyonieleza, maana nilisikiliza, na sitaki mtu aseme bibi hakuelewa.

Ni mdudu wa baharini. Yeye anakataa neno mdudu, anasema mnyama, haya, mnyama. Mwili wake ni mdogo kuliko punje ya ulezi, ana mkia, mfano wa kiluwiluwi unayemwona kwenye dimbwi mvua zikikolea. Hana ganda wala makucha. Alichonacho ni ngozi inayotoa ute. Na ute wenyewe hautoki ovyo kama wa konokono. Kila sehemu ya ngozi ina kazi yake, hapa inatoa cha dirishani, pale inatoa cha kuchujia, mpaka nyumba nzima imelala juu yake imekunjwa kama kitenge kipya dukani. Kisha anajitikisa, anapiga mkia, maji yanaingia, ile nyumba inafumuka kama puto naye anaingia ndani. Sekela alinionyesha kwa mfuko wa nailoni. Aliukunja kiganjani, akaupuliza, ukawa mkubwa kuliko kichwa chake.

Humo ndani kazi yake ni kupiga mkia. Mkia unavuta maji. Dirishani kuna wavu wa ute wenye matundu mapana kidogo, unazuia yale makubwa yasiyomezeka. Ndani zaidi kuna wavu mwingine, nao wa ute, matundu yake madogo mno, na hapo ndipo chakula chake kinapojikusanya, majani na vijidudu ambavyo jicho lako na langu hayawezi kuviona. Anavifyonza kwa mrija. Mrija nao ni wa ute. Yaani mwenzetu hafukuzii chakula. Anakaa nyumbani, na nyumba yenyewe ndiyo chekecheke na ndiyo sahani.

Nikamuuliza, nyavu zikiziba? Mimi ni mtu wa kuchuja, nimechuja togwa na pombe ya ulezi maisha yangu yote, na chujio lisiloziba halijasukwa. Akasema hafui. Anaiacha nyumba anatoka, na nyingine iko tayari mwilini imekunjwa, anaifumua. Kwa siku moja anaweza kuhama nyumba nne, sita, hata zaidi kukiwa na joto na chakula kingi. Zile alizoziacha zinazama polepole na mabaki yaliyonasa, na huko chini gizani kuna viumbe wanaoishi kwa kusubiri hayo yanayoanguka.

Nikasema huo ni uvivu, mwanamke wa namna hiyo huku angerudishwa kwao. Sekela akasema tena huyo ni ndugu yetu Bibi, kwenye mkia ana uti laini mfano wa uti wa mgongo, yuko karibu na sisi kuliko kamba au kaa. Nikamwambia ndugu yako wewe. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Niliacha kucheka aliponieleza alivyoipata chupa ile.

Nyumba zile hazishikiki. Ukizipitishia wavu wa kuvulia zinachanika, na ukimshtua mwenyewe anakimbia anakuachia gofu. Kwa hiyo Sekela, mtoto aliyekulia Tunduma ambako maji ya kuoga yanakuja kwa mkokoteni, alijifunza kuogelea ukubwani. Alizamia na chupa wazi mkononi, akawa anamsogelea mmoja, anamfunika na maji yake, bila kumgusa, kisha mwingine. Mashua ya chuo iliwatoa siku chache tu za mwezi wa tatu, bahari ilipotulia. Alijaza chupa tatu. Mbili zilikwisha katika kujifunza, nyumba zikavunjikavunjika. Hii ya tatu ndiyo iliyobaki na nyumba nzima, wanyama wengine wakiwa humo humo ndani walimofia. Alitakiwa awahesabu, azichore nyumba zao, aandike, na mwezi wa kumi ampelekee mwalimu wake. Bila hiyo hana kazi ya kuonyesha, na asipoonyesha kazi, mwaka wa mwisho anaurudia.

Hayo yote niliyajua Alhamisi jioni, kabla ya kwenda kulala.

Shida ilikuwa barabara. Chupa ilitikiswa kutoka Dar mpaka mpakani, na ule mchanga laini uliokuwa umelala chini ukapanda wote. Ijumaa asubuhi maji bado mazito. Sekela alikuwa anakwenda Vwawa kumwomba mwalimu wake wa zamani wa sekondari amwazime hadubini, ile darubini ya kuangalia vitu vidogo. Alisimama pale mezani viatu mkononi, akawa anaongea peke yake, kwamba maji haya yasipotulia hata hiyo hadubini sijui nitaona nini. Kisha akanigeukia. Akasema Bibi, usiifungue, ina dawa kali ya kuhifadhia, wala usiitikise. Iache tu.

Alinikataza. Kwa jirani nilisema hakunikataza. Alinikataza.

Sasa nieleze habari ya maji, na hapa nitajisifu, kwa sababu balaa lilitokea huko huko kwenye sifa.

Mimi ni wa Iyula, kwetu tulikuwa na chemchemi. Niliolewa bondeni, kule Momba, kijiji cha kunywa mto. Masika mto ule unakuwa mzito, rangi ya chai ya maziwa, ukichota ndoo, robo ni tope. Siku nilipopelekwa, mama mkwe wangu hakunisalimia sana. Aliniwekea ndoo ya maji yale mbele yangu na kipande cha gome la mti, akakaa kwenye kigoda akanitazama. Nami nikaitazama ndoo. Tulitazamana hivyo, sisi watatu, mpaka akacheka akaja kunifundisha, na ndiyo siku niliyoanza kumwita mama.

Gome ni la mkole, mti mdogo wa porini. Unaliponda, unalisugua katika maji kidogo mpaka litoe ute unaovutika kama mlenda. Unaumimina ndooni, unakoroga upande mmoja tu, polepole. Unaacha. Ule ute unatembea majini unakusanya kila kinachoelea, tope na majani na vijidudu, unafanya bonge, na bonge linakwenda kukaa chini. Juu yanabaki maji unayoweza kujitazamia meno. Miaka ishirini na mitano nimefanya hivyo. Wageni walikuwa wanazipita nyumba nyingine kuja kunywa kwangu. Na hata mume wangu alipokufa nikahamia huku Tunduma kwa mwanangu, gome la mkole halijawahi kukosekana darini jikoni, maana maji ya mikokoteni nayo mnayajua.

Sekela alipopanda gari la Vwawa nilifagia, nikaosha vyombo, nikabandika maharage. Kila nikipita mezani ile chupa inanitazama. Nikawaza, mtoto anarudi na chombo cha kuazima, cha siku za kuhesabika, na maji bado machafu. Atakaa hapo na macho mekundu, anasubiri mchanga. Na mimi nipo, na gome lipo.

Sikuwa na ubaya. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na hiki sikukisema kanisani. Tangu aende chuo, mwalimu humu ndani ni yeye. Simu kanifundisha yeye, ukurasa huu yeye, dawa zangu za presha nimeze saa ngapi, yeye. Nilitaka jambo moja, moja tu, ambalo angenikuta nalijua mimi.

Nilijifunga kitambaa puani. Ile dawa inanuka kama chumba cha maiti, machozi yalinitoka. Niliponda gome kidogo, nikauchuja ute kwa kitambaa cheupe usiingie hata unga wa gome, nikatia kama vijiko viwili. Nikakoroga kwa mpini wa mwiko mwembamba, upande mmoja, taratibu, kama nilivyoonyeshwa. Halikumwagika tone. Nikafunga mfuniko, nikapangusa chupa kwa nje.

Kazi niliifanya vizuri. Ndilo linaloniuma. Ningeifanya vibaya wangepona baadhi.

Mtaniuliza, si mtoto alikwambia kamasi zile ndizo nyumba? Aliniambia. Nilidhani ute wangu unajua uchafu ni upi. Miaka yote ile ulikuwa unajua.

Kufika saa saba maji yalikuwa meupe kabisa. Chini kulikuwa na bonge la kijivu, kubwa kama yai la njiwa. Nilitandika kitambaa changu cha kufuma, kile cha wageni, nikaisimamisha chupa katikati. Akaja jirani yangu, Mama Chola, mwenye ndugu zake ng'ambo ya pili ya mpaka, Nakonde, ambaye kwake kila mwanamke mzima ni mayo, yaani mama. Alikuwa amekuja kuazima ungo. Akaiona.

"Mayo, haya ni maji au gongo? Kama gongo, nionje."

"Onja ufe. Hayo ni ya chuo kikuu."

Nikamweleza nilichofanya. Akasema kumbe na chuo kikuu nao wanakuhitaji, mayo. Nikavimba kama ugali uliopata moto.

Sekela alirudi saa kumi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na sanduku la hadubini kifuani. Alianza kuongea akiwa bado uani. Mwalimu amekubali, wiki nzima, Bibi, wiki nzima. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti mikono mapajani, nasubiri sifa zangu. Nilikuwa nimeshapanga na jibu nitakalompa akiniuliza nimefanyaje.

Aliweka sanduku chini. Akapiga magoti mbele ya meza, macho yakawa sawa na chupa. Akaishika, akaiinamisha kidogo, lile bonge likabingirika kutoka upande huu kwenda upande ule.

Nikaona simwoni akifurahi, nikasema mwenyewe. Nikamwambia ni gome la mkole, gome hilo haliachi kitu.

"Bibi," akasema, "wote wamo humo."

Hakulia. Angelia ningemkaripia, ningepata pa kushika. Alikaa pale chini na viatu vyake vya safari, mkono umeshika chupa, na mimi nikaenda kuangalia maharage ambayo yalikuwa yameiva tangu saa nane.

Tulijaribu. Sitaki mseme hatukujaribu. Mimi nilisema tutie magadi, maana magadi yanabadilisha mlenda. Akasema yatawayeyusha. Nikasema maji ya moto. Akatikisa kichwa. Nikasema basi tulikamue kwa kitambaa, akanitazama, nikakirudisha kitambaa. Yeye alikuwa anakata lile bonge kwa sindano, kipande kidogo kidogo, anakiweka kwenye kioo, anatazama, anaandika, anaweka kando. Anatazama, anaweka kando. Jumamosi nzima hivyo. Mgongo ukampinda kama mwanamke anayepalilia.

Mchana akaniita nitazame na mimi. Sijui kwa nini aliniita. Labda alitaka mtu wa pili wa kuona.

Nilifumba jicho moja kama alivyoniambia. Mwanzoni giza, kisha mwanga, kisha nikamwona. Ni kiluwiluwi kweli. Mwili uko huku, mkia umekatika uko kule. Na kila mahali, juu yake na chini yake, nyuzi nene za ute zimemzonga kama mzigo uliofungwa na mlevi. Ule ulikuwa wangu. Nyumba yake ilikuwa imenyauka pembeni mfano wa utando juu ya maziwa. Lakini katika kona moja ya ule utando kilibaki kipande cha wavu wake wa dirishani, kidogo tu, na niliyaona matundu. Yamekwenda mistari, sawasawa, mimi nimesuka mikeka tangu msichana na sijawahi kusuka mstari kama ule. Na ameutoa mwilini. Hana mikono.

"Wa kwako hauna matundu, Bibi," Sekela alisema nyuma yangu. "Unachukua kila kitu. Wa kwake unachagua."

Alisema bila hasira, kama ananifundisha simu.

Sijawahi kumwomba mtoto radhi. Si niliyemzaa, si wa mwenzangu. Kwetu mkubwa akikosa hupika kuku, na kila mtu pale mezani anaelewa kuku huyo ni wa nini. Jumapili nilimchinja yule jogoo mwekundu. Sekela alielewa, alikula, alinishukuru. Kisha akanawa mikono, akarudi kwenye sindano yake. Na kuku huyo ndiye wa mwisho niliyekuwa naye, sina kingine.

Ndipo nikasema neno baya kuliko yote. Nilimwambia, mwambie mwalimu chupa ilivunjika njiani. Barabara hii kila mtu anaijua, nani atabisha. Nilisema mimi, mimi niliyemchapa akiwa na miaka minane kwa kusingizia paka nyama aliyokula mwenyewe.

"Chupa haijavunjika, Bibi," akasema.

Jana alimpigia simu mwalimu wake wa chuo. Alisimama kule kwenye kona ya ukuta ambako mtandao unashika, nami nikachukua ufagio nikafagia karibu. Niliyasikia ya upande wake tu. Ndiyo mwalimu. Hapana mwalimu. Zote, mwalimu. Akaniangalia ninavyofagia mahali pale pale, akasema sawa mwalimu nitakuja. Aliniambia baadaye kwamba mwalimu hakugomba. Amesema aje na kilichobaki na daftari lake, watakaa na wenzake waone, lakini hawezi kumwahidi. Bora angegomba. Mtu anayegomba bado ana la kufanya.

Alipokwenda kuoga daftari lilikuwa wazi mezani. Nina miwani na ninajua kusoma. Alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake ule mdogo: Sampuli iliharibika nyumbani. Niliiacha mezani bila kuifungia.

Nimeisoma mara tatu. Uongo haumo. Ni kweli aliiacha mezani, ni kweli hakuifungia. Lakini na mimi simo. Nilimlea kwa fimbo ili aseme kweli, na kumbe amekua mpaka anajua kuisema kweli kwa namna ya kunifunika. Nililirudisha daftari kama lilivyokuwa. Ningemwambia nini? Nifute? Niongeze jina langu kwa mkono wangu, nimharibie na daftari?

Kila ninachokishika cha mtoto huyu kinakwama mkononi.

Leo alfajiri nilimsindikiza stendi. Chupa ameifunga kwenye kanga ile ile, na bonge langu humo ndani. Nilimfungashia viazi na mayai. Njia nzima nilikuwa nalo neno, nimelitafuna, nimelilainisha, ni neno fupi tu, hata mtoto wa chekechea analitamka. Tulipofika mlangoni pa basi likafika kooni.

"Funga zipu ya begi vizuri," nikasema, "watakuibia."

"Sawa, Bibi."

Akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha, akapanda. Basi likaondoka, nami nikabaki nimesimama naangalia vumbi lake mpaka mpiga debe akaniuliza, bibi, wewe unakwenda wapi?

Siendi popote.

Mwalimu wa Sekela, jina lako silijui, wala sijui kama watu wa chuo mnasoma kurasa za mabibi. Kama upo, nisikilize. Chupa niliifungua mimi. Alinikataza, nikafungua. Nilitia ute wa gome la mkole, gome lenyewe urefu wa kidole changu cha kati, ute vijiko viwili, nikakoroga upande mmoja, nikaacha kuanzia saa nne mpaka saa saba. Naandika vipimo kwa sababu Sekela anasema ninyi mnapenda vipimo. Mtoto hana kosa. Kama lazima mtu arudie mwaka, mimi nipo, niliishia darasa la nne, nirudisheni.

Na wewe Sekela, sasa hivi utakuwa umeipita Makambako kitambo. Simu yako ikishika mtandao, soma hapa. Pale mlangoni pa basi sikutaka kusema habari ya zipu.

Sasa ndoo. Mwenye mkokoteni ameleta maji saa nne, yana tope kama kawaida yake. Nimepanda darini nikateremsha gome. Nimelishika. Nimelirudisha. Tangu niolewe sijawahi kuangalia maji machafu nikajiuliza humo kuna nani, na leo nimekaa hapa mlangoni kama mwehu nimevaa miwani, nainamia ndoo.

Nimesema yatulie yenyewe. Ni saa tisa sasa. Hayajatulia.